Njia Iliyopita Uani kwa Bi Chausiku

Haya, jongeeni, na aliye mlangoni aingie akae, maana kisa hiki hakisikilizwi mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Katika mtaa wa Magomba waliishi watu watatu, kila mmoja na lake. Bi Chausiku, mjane, alikuwa na uwanja mpana nyuma ya nyumba. Fundi Semboja alikuwa na mikono. Jiwe aliloliweka yeye halikutikisika tena. Mwanahawa, aliyeachwa na mumewe, hakuwa na uwanja wala ufundi, bali alikuwa na moyo mgumu na ulimi mtamu. Hukuweza kumpita bila kusimama.

Magomba ulikuwa mtaa uliofungwa. Nyumba zilibanana ukuta kwa ukuta, nyuso zikitazama barabara, migongo ikitazama korongo. Ng'ambo ya korongo palikuwa na zahanati, karibu kiasi kwamba ukisimama uani kwa Bi Chausiku uliwasikia wagonjwa wakiitwa majina. Lakini kufika huko ilikubidi utokee mbele, ufuate barabara hadi mwisho wa mtaa, ulizunguke shamba la mkonge, ndipo urudi kwa upande wa pili.

Bi Chausiku alikuwa na binti mmoja, Subira. Uchungu wa uzazi ulimshika mchana, jua likichoma. Wakambeba juu ya kitanda cha kamba, wakashika barabara, mama yake akitembea ubavuni akimpepea kwa upindo wa kanga.

"Mama, bado?" Subira akauliza.

"Tumekaribia, mwanangu."

Hawakuwa wamekaribia. Subira na mtoto wake walifia njiani, kando ya mkonge, paa la zahanati likionekana.

Arobaini ilipokwisha, Bi Chausiku alishika sururu akaanza kubomoa ukuta wake wa uani. Chumba alichokuwa akilala Subira kilisimama uwanjani, kikizuia njia. Alikaa ndani yake asubuhi nzima. Kisha akatoka, nacho akakibomoa.

Jirani akamwuliza, "Bi Chausiku, kulikoni?"

"Nataka watu wapite."

"Wapite waende wapi? Huko si korongo?"

Bi Chausiku akainua sururu tena.

Jibu lilikuja na Fundi Semboja. Hakuitwa na mtu. Alisikia habari, akaja na nyundo yake. Alichonga ngazi za mawe kushuka korongoni, akajenga daraja dogo juu ya maji, akaanza ngazi za kupanda upande wa zahanati. Hapo jiwe likamponyoka, likamsaga mguu. Ukakatwa. Alipotoka hospitali alirudi kwenye kazi yake, akamalizia ngazi amekaa kitako, akijiburuta kutoka jiwe hadi jiwe.

Basi njia ikawepo, lakini haikupitwa. Migongo ya nyumba haikuwa na madirisha. Ukishuka korongoni hakukuwa na jicho la kukuona wala sikio la kukusikia, na vibaka walilijua hilo mapema. Watu waliendelea kuzunguka barabarani, na wagonjwa wao mabegani. Bi Chausiku alikaa mlangoni akaitazama njia ile tupu, akalia kuliko alivyolia msibani, kwa kuwa aliona amembomolea mwanawe chumba bure.

Ndipo Mwanahawa akatoka na jiko lake la mkaa, akakaa juu ya daraja, akaanza kupika vitumbua. Vibaka wakamjia. Wakamnyang'anya sufuria, wakamchana shavu kwa kisu. Kidonda kilipofunga, alirudi na sufuria ya kuazima, akakaa palepale. Mmoja akapita kwa sababu Mwanahawa yupo, wa pili kwa sababu wa kwanza amepita. Kinyozi akaleta kiti chake, fundi cherehani akafuata, genge la nyanya likasimama. Wenye nyumba wakatoboa madirisha mgongoni, kisha milango, mpaka uani kukawa ndiko mbele. Barabara ile ya zamani ikapoa, na duka lake kubwa likafungwa. Wajawazito wakawa wanakwenda zahanati kwa miguu yao wenyewe. Kila Bi Chausiku aliposikia kichanga kikilia ng'ambo alisema alhamdulillahi, kisha akajifunika kanga uso.

Halafu halmashauri ikaja kuchimba mfereji kando ya njia. Vibanda vyote viondoke, ikasema, njia ibaki wazi. Ilibaki pembe moja tu kavu uani kwa Bi Chausiku, penye mdomo wa njia, ya kumtosha mtu mmoja. Mwenyekiti wa mtaa akawaita wale watatu, watu wakiwazunguka.

Semboja alisema, "Siwezi tena kupanda jukwaa la ujenzi. Nipeni pale nishone viatu. Mguu wangu mmeukanyaga miaka yote hii, kila mnapovuka."

Mwanahawa akashika kovu lake. "Mimi sina nyumba wala mtu. Na kabla sijakaa, nani alithubutu kupita? Niondoeni, muone kama hamtarudi kuzunguka."

Bi Chausiku alikuwa wa mwisho. Aliutazama mguu uliokatwa, akalitazama kovu, akaona uchungu kusema. "Pembe hiyo ndipo kilipokuwa chumba cha Subira. Mimi nilitoa njia, sikutoa soko. Naomba pasikae mtu. Pawe na baraza tu, mwenye uchungu apumzike."

"Mama," Mwanahawa akamwambia taratibu, "mahali pasipo na mtu, vibaka watarudi. Nani atapumzika hapo?"

"Najua, mwanangu," Bi Chausiku akasema, na machozi yakamshuka. "Lakini nimebakiwa na nini kingine chake?"

Mwanahawa akamshika mkono. Semboja akainamisha kichwa. Hakuna aliyetaka kumdhulumu mwenzake, wala hakuna aliyekuwa na pengine pa kwenda. Mwenyekiti akavua kofia, akaipapasa, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Bila uwanja, Semboja angejenga wapi? Bila ngazi, Mwanahawa angekaa wapi? Bila Mwanahawa, nani angepita? Je, wewe unayenisikiliza, ungekuwa ndiye mwenyekiti, ile pembe ungempa nani?