Nguchiro na Maji ya Bwana Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Ndiyo kuitikia gani huko? Leo nina hasira, itikieni mpaka majirani wasikie. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Palikuwa na mabwawa mawili, moja juu mlimani, moja chini bondeni. Bwana Kiboko alikunywa la juu, akashiba, kisha akashuka la chini kujisaidia. Mkia pwata-pwata-pwata, kinyesi kikatapakaa bwawa zima. Halafu akawaambia wanyama, "Maji ya juu yana sumu. Nyinyi kunyweni ya chini. Sumu niachieni mimi mwenye mwili, nitaimaliza kwa niaba yenu."

Na wakubwa, eti, wakamshukuru!

Binti mmoja mdogo, Nguchiro, hakumshukuru. Mdogo wake alikuwa anaharisha, macho yamemtumbukia, hata kulia hawezi.

"Mama, maji haya yanatuua."

"Nyamaza! Utamshinda Bwana Kiboko kwa kujua maji?"

Nguchiro akawaita watoto wenzake. Kiboko alipokwenda malishoni, wakapanda juu mbio, wakavua viluwiluwi. Kila mtoto akamweka mmoja katika kifuu cha maji ya juu, mwingine katika kifuu cha maji ya chini, akaondoka nao kwao. Kulipokucha, wakatazama. Kwa kina Swala, wa juu anaogelea, wa chini amekufa. Kwa kina Kanga, wa juu anaogelea, wa chini amekufa. Kwa kina Nungunungu, wa juu anaogelea, wa chini amekufa.

Wakapeleka habari barazani. Mzee Ngiri akafyonya, "Mmewaua wenyewe kwa kuwachezea. Uchunguzi ni kazi ya watu wazima. Hebu nendeni mkacheze!"

Kucheza! Mdogo wake anakufa, yeye aende kucheza! Lakini Nguchiro akameza hasira yake, akaazima kibuyu cha Mama Swala, akamwendea Kiboko palepale barazani, akapiga goti.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Sisi watoto tumekukosea. Tumekuletea sumu ya juu. Imalize mbele ya watu wote, tukushukuru."

Kiboko akacheka moyoni. Maji matamu, na sifa juu yake! Akatanua domo, kibuyu chote gubu-gubu-gubu! Mara akatoa macho.

"Ptuuu! Uchafu gani huu? Mnataka kuniua?"

"Uchafu, Bwana?"

"Kinyesi kitupu!"

"Basi samahani, hayo ni ya chini. Mama Swala ameyachota sasa hivi, ya kupikia wanawe uji."

Mama Swala akakitazama kibuyu chake. Kisha akamgeukia Mzee Ngiri.

"Wanangu wamekunywa haya, na wewe ukawafukuza wakacheze?"

Kina mama hawakungoja jibu. Walibeba vibuyu wakapanda mlima, wakampita Kiboko akitapika. Nguchiro alikuwa ameshatangulia, mdogo wake mgongoni. Akamnywesha kidogo kidogo, mpaka mtoto akapata nguvu ya kulia.

Hadithi yangu nimeitua hapo, atakayenuna na anune. Na funzo lake ni hili: msiwaache watoto wachunguze mambo. Leo watauliza nani amechafua maji, kesho watauliza wakubwa walikuwa wapi.