Panya wa Uchagani na Mgeni wa Bi Mize

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa uchaga!
Ukajaa!
Na tumbo la mwenye nyumba?
Likabaki tupu!

Sogeeni, wanangu, na mwenye kutafuna na ameze, maana hadithi hii yataka masikio matulivu.

Hapo kale, katika kijiji cha Mchekeni, aliishi mwanamke aitwaye Bi Mize na mumewe, Vuai. Miaka saba ya ndoa yao ilikuwa imetimia, na nyumba haijasikia kilio cha mtoto. Bi Mize alifunga, akaomba, akavaa hirizi hata shingo ikamwinama. Mtoto hakuja.

Lakini alikuwa na sifa moja: uchaga wake, ile dari ya fito juu ya meko, haukupata kukaukiwa. Mayai yamo, karanga zimo, samaki wakavu wamo, na vyote ni vya wageni. "Nyumba isiyo na akiba ya mgeni ni kichaka," mama yake alimwambia siku ya harusi, naye akalishika neno hilo kama amana. Yeye mwenyewe akila nini? Ukoko! Asubuhi ukoko wa jana, mchana ukoko wa asubuhi, jioni muhogo mkavu na maji. Vuai naye alikula wima, mguu mmoja njiani, tumbaku shavuni.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, akaja wifi yake, Bi Raya.

"Wifi Mize, mbeleko uliyokuja nayo imeliwa na mende!"

"Wifi, mtoto hachumwi kama pilipili."

"Basi sikiliza. Mavuno ya mwakani nisipoona tumbo, naja na kapu kubeba vyombo vyako. Kaka yangu nimekwisha kumwonea mke."

Akaenda zake. Bi Mize akakaa mekoni akilia, maana alimpenda Vuai, na mtoto alimtamani kuliko pumzi. Mara akasikia juu: chuku, chuku, chuku! Panya jike anavingirisha yai, na wanawe wanane nyuma yake, wanaimba:

*Chuku chuku, natafuna,*
*Cha mgeni ni kitamu;*
*Mwenye nyumba atazama,*
*Mwenye tundu anazaa!*

Bi Mize akarusha mwiko. Panya akaponyoka.

Siku ya pili akaja kwa karanga. *Chuku chuku, natafuna!* Bi Mize akarusha ufagio. Panya akaponyoka.

Siku ya tatu akaja kwa samaki. *Chuku chuku...* Hakumaliza! Bi Mize alimfunika kwa kawa, kile kifuniko cha chakula, gubigubi!

"Leo nakuua, mwizi wewe!"

"Niue, bibi, lakini kwanza nijibu. Mayai haya ya nani?"

"Ya mgeni."

"Karanga hizi?"

"Za mgeni."

"Na samaki?"

"Wa mgeni!"

"Mgeni gani, bibi, na anafika lini?"

Bi Mize akahesabu kwa vidole. Tangu mwaka jana hakuja mtu ila wifi, naye alikuja kumfukuza.

Panya akacheka ndani ya kawa. "Wamngoja mgeni wa mlangoni, na mgeni unayemlilia mlango wake ni wewe! Atakaaje katika nyumba inayolishwa ukoko? Hukaribishwa kabla hajafika, huyo. Tena mimi sili peke yangu: baba wa wanangu hula ubavuni pangu, wala tumbaku haijui."

Bi Mize akainua kawa. Panya akakimbia, naye Bi Mize akapanda uchagani, akateremsha akiba. Adhuhuri ile nyumba ilinukia! Mayai kwa mchicha, kunde za nazi, samaki wa kuchoma.

Vuai akaingia, akashangaa. "Mize! Nani kaja?"

"Bado. Yuko njiani. Tema hiyo tumbaku, nawa, kaa."

"Lakini hiki ni chakula cha mgeni!"

"Ndicho. Na sisi ndio wapagazi wake."

Vuai akacheka, akatema, akanawa, akakaa. Tangu siku hiyo wakala sinia moja, leo kunde, kesho samaki, kesho kutwa boga na karanga. Mashavu ya Bi Mize yakajaa. Vuai akapanda kilima bila kuhema. Uchagani, Mama Panya akaanza kulalamika njaa!

Mwaka ukazunguka, mpunga ukavunwa, Bi Raya huyoo, na kapu lake kichwani. Akachungulia uchagani, akapiga yowe.

"Ole wako! Umekomba chakula cha wageni! Siku mgeni akija utampa nini?"

Bi Mize alimshika mkono, akauweka juu ya tumbo lake. Kitu kikaruka: teke!

"Keshafika, wifi. Mwulize mwenyewe kama kashiba."

Bi Raya akaangusha kapu, akapiga vigelegele hata kuku wakaruka mapaani! Na kapu lile lililoletwa kubeba vyombo ndilo lililotiwa nguo za mtoto.

Wanangu, Mpaji ni Mola. Humpa amtakaye kwa wakati autakao, na asiyepewa asichekwe. Lakini riziki imeumbwa iliwe, haikuumbwa iangaliwe. Anayemwomba Mungu mgeni na ajilishe, yeye na mwenziwe.

Nami nilialikwa kwenye akika, karamu ya kuzaliwa kwa mtoto yule. Nilichelewa kidogo tu. Mama Panya alikwisha kula fungu langu, nikabakiziwa ukoko.

Ngano yangu nimeipakua. Mwenye njaa na alambe mwiko.