Fisi Aliyelazwa Ndani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa msitu!
Na msitu una wenyewe!

Haya, sogeeni. Na wewe acha kucheka, hii si ya kucheka.

Hapo zamani za kale, Mama Nungunungu alikaa na wanawe katika pango la msituni. Mama yake alizaliwa humo, akafa humo, akazikwa humo humo.

Wenyeji wa msitu ule walikuwa na desturi yao: mgeni hulala ndani, mwenyeji hulala nje.

Siku moja ya mvua akaja Fisi kutoka mbali. "Hodi, wenyewe!"

"Karibu, baba. Ingia upumzike."

Mama Nungunungu akatoka na wanawe, wakanyeshewa mpaka asubuhi. Kulipokucha Fisi akatoa kichwa. "Nyie ni nani, mnaorandaranda mlangoni kwangu?"

Lo! Mama Nungunungu akaduwaa.

Akaenda kwa Mfalme Simba. Simba akauliza, "Nani alikutwa ndani?"

"Fisi."

"Nani alikutwa nje?"

"Mimi, lakini..."

"Basi pango ni la Fisi."

Wanyama wakatazamana. Wote walijua. Wote wakanyamaza!

Mara ya pili akaenda. Njiani ndugu zake Fisi wakamkamata, wakamng'oa miiba ya mgongo. Akarudi akivuja damu. Wanawe wakalia, "Mama, basi, yaache."

"Wameng'oa miiba," akasema, "hawakung'oa ulimi."

Mara ya tatu akaenda, akapiga magoti. "Mfalme, leo sidai. Nakuomba tu uje utembelee kwetu."

Simba akaja. Mama Nungunungu akamwambia Fisi, "Mwenyeji, mgeni huyo. Desturi ya kwetu unaijua."

Fisi angefanyaje? Akikataa, ataonekana si wa pale. Akatoka nje, mkia katikati ya miguu. Simba akalala ndani.

Asubuhi Mama Nungunungu akawaita wanyama wote. "Nani yuko ndani?"

"Simba!"

"Nani yuko nje?"

"Fisi!"

"Basi pango ni la nani?"

Fisi akaruka. "Langu! Mimi nilimkaribisha tu! Tangu lini mgeni akilazwa ndani nyumba ikawa yake?"

Fisi akajiziba mdomo, lakini maneno yalikwisha toka.

"Umejihukumu mwenyewe," Simba akasema. "Ondoka."

Wanyama wakashangilia! Mama Nungunungu akaingia mbio kumsalimu mama yake kaburini.

Jamani! Kaburi lilikuwa limefukuliwa. Fisi ni fisi. Hakuacha hata mfupa mmoja.

Akatoka polepole. "Pango limerudi," akawaambia. "Mama yangu hakurudi. Nanyi mlijua tangu siku ya kwanza."

Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Basi wanangu, mgeni mpe kitanda, nyumba usimpe. Na mwenzenu akidhulumiwa mbele ya macho yenu, semeni siku ile ile. Haki iliyochelewa hurudisha nyumba, hairudishi waliokuwamo.

Ngano yangu nailaza kwenu leo. Lakini kukicha, jamani, ni yangu!