Piga Dawa, Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa konde, kondeni matango, na tango la mwisho ni langu! Mnaitikia au mnasinzia? Haya.

Hapo kale aliondokea mtu, jina lake Makame, na mkewe Kidawa, na kibinti chao Tatu. Walilima matango bondeni, kando ya kijito. Na Makame, jamani, alipenda dawa ya wadudu kuliko halua! Akiona kidudu kimoja tu, anashika kiuno chake kibovu, anapaza sauti: "Piga dawa, Kidawa!"

Kidawa akabeba bomba, akapiga. Wadudu wakafa.

"Piga dawa, Kidawa!" Akapiga. Vyura wa kijitoni wakanyamaza kimya.

"Piga dawa, Kidawa!" Akapiga. Nyuki wakahama. Maua yakachanua, yakanyauka, na tango hata la kuchovya chumvi halikutoka.

Kidawa akaanza kumhofia mtoto. Tatu alikuwa mtoto wa kupita kondeni akichuma na kutafuna, umkataze leo, kesho yumo.

"Baba Tatu, tutamuua mtoto."

"Aa! Konde bila dawa utavuna funza. Piga dawa, Kidawa!"

Mke akalichukua bomba. Mnadhani alikubali? Thubutu! Alitwanga majani ya mwarobaini, akayaroweka, akachuja, akatia bombani. Chupa mpya ya dawa ya mumewe akaificha chini ya kuni.

"Umepiga dawa?" akauliza Makame.

"Nimepiga, bwana."

Uongo uko wapi hapo? Mwarobaini si dawa?

Siku zikapita. Vyura wakarudi na kelele zao. Nyuki wakarudi. Matango yakashika, yakanenepa, na Makame akazunguka kijiji kizima akijisifu: "Mmeiona dawa yangu?"

Asubuhi moja Kidawa ndio kwanza ametua bomba, akasikia ukelele. Makame huyo anakuja mbio, kiuno kimepona ghafla! Mikononi kampakata Tatu, na Tatu mdomoni ana tango, bado linachuruzika dawa.

"Kala dawa! Mwanangu kala dawa! Tumekwisha, Kidawa!" Analia mpaka kamasi, mtu mzima na ndevu zake.

Kidawa akamchukua mtoto, akamfuta mdomo.

"Tatu, tango vipi?"

"Chungu," akasema Tatu. Akakunja uso, akauma tena.

"Baba Tatu, nyamaza. Huo ni mwarobaini. Chupa yako iko chini ya kuni, haijafunguliwa hata kifuniko."

Makame akaketi chini, pu! Akamtazama mtoto, akamtazama mke, akawatazama nyuki mauani. Akacheka na machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi! Umenidanganya, mke wangu."

"Nimekudanganya lini? Umesema piga dawa, nimepiga dawa."

"Basi kesho piga dawa, Kidawa. Hiyo hiyo chungu."

Kidawa akalivua bomba mgongoni. Aa, alishalitua! Akaliinua, akamvika mumewe.

"Kesho utapiga wewe, bwana. Kiuno si kimepona? Tumekuona sote ukikimbia."

Hadithi nimeikata kama tango: kichungu nimekula mimi, kitamu chukueni nyinyi.