Mwalimu Nungunungu Apima Miruko

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si pakawa, huo ni mwayo. Nanyi wakubwa mliojibanza huko nyuma, hadithi ni yenu pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakisomesha watoto wao darasa moja, wenye kwato na wenye kucha, palikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, Nungunungu. Hakuwa na ubao. Hakuwa na chaki. Alikuwa na miiba yake mgongoni. Akitaka kuweka alama, anakunja shingo, anang'oa mwiba mmoja, chwa! anauchomeka chini. Somo likiwa gumu, mwalimu anarudi nyumbani na kipara. Watoto walicheka, naye aliwaacha wacheke.

Shule ilikuwa ng'ambo ya korongo. Asubuhi watoto walivuka juu ya gogo. Jioni walirudi juu ya gogo.

Siku hiyo mvua ilinyesha milimani. Ilinyesha, ilinyesha, ilinyesha. Maji yakashuka korongoni, vuuu! Gogo likachukuliwa. Watoto huku, mama zao kule. Na ukingo wa upande wa shule ukaanza kumeguka, bonge moja, pu! bonge la pili, pu!

"Mwalimu!" akalia Mama Pimbi kutoka ng'ambo. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo, mama. Huyu hapa ameniganda."

Kweli alikuwa ameganda. Pimbi ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote darasani.

Wanyama wenye uwezo wa kuruka korongo lile walikuwa wawili tu, na bahati nzuri wote walikuwa wakila majani upande wa shule. Mmoja Swala, mrefu wa shingo, mwenye maringo. Mwingine Mbuzimawe, mfupi, wa majabalini, asiye na maneno mengi. Lakini sikieni ubaya wa mahali pale. Ng'ambo palikuwa na kiwanja kidogo cha kutua, upana wake kama mkeka wa kulalia. Ukipungukiwa, maji. Ukizidi, kichaka cha migunga, miiba mirefu kama kidole.

"Kwanza mruke hapa uwanjani," akasema Nungunungu. "Nione mnavyotua."

"Mwalimu, tunachelewa!" akasema Tumbili, mwanafunzi hodari wa kunyoosha mkono.

"Tutachelewa zaidi tukizama. Lete kamba ya mtambaa."

Akachora mstari wa kurukia. Swala akaruka, na kila alipotua, chwa! mwiba chini. Mbuzimawe naye akaruka mara zile zile, chwa! mwiba chini. Mruko mmoja wa Swala ulikuwa wa ajabu. Ulipita juu ya vichwa vya watoto, ukapita kichuguu, huyooo! Mama wote ng'ambo wakapiga vigelegele.

Tumbili na Kobe wakapima kila mruko kwa kamba, wakakata kipande chake. Kamba za Swala wakaziunganisha zikawa moja ndefu, wakaikunja sawasawa kwa idadi ya miruko yake, wakapata wastani. Somo hilo walikuwa wanalijua, walilisoma mwezi mzima. Wakafanya hivyo hivyo kwa Mbuzimawe. Wakaweka mkunjo juu ya mkunjo.

"Sawa!" akapiga kelele Tumbili. "Wastani wao ni mmoja! Na tena, kwa urefu wa lile gogo letu, unaangukia katikati ya kiwanja!"

"Kama wako sawa, basi Swala!" wakajibu akina mama. "Swala! Swala!"

"Panda kwa Swala, mwanangu!" akalia Mama Pimbi. "Panda upesi!"

Swala akainua shingo. "Umesikia, Mwalimu? Wewe mwenyewe umetufanya sawa."

"Wastani wenu ni sawa," akasema Nungunungu. "Ninyi wenyewe sijasema."

Akatazama miiba yake. Ya Mbuzimawe ilisimama pamoja, imebanana. Ya Swala ilikuwa kila mahali, mmoja huku karibu, mmoja kule mbali. Mwalimu akaona la kufanya, na moyo wake ukatulia. Angeweza kuamuru, ndiyo. Lakini Pimbi angemsikiliza mama yake. Ilibidi mama huyo aone kwa macho yake, na watoto waone, na somo walilolisoma nusu liishe hapo hapo kwenye tope.

"Watoto," akasema, "chomekeni mwiba pale kwenye wastani. Sasa pimeni kutoka hapo hadi kila alipotua. Nataka kujua mtawanyiko."

Wakapima mbio mbio. Kobe naye alikimbia, kwa kadiri yake. Punde Tumbili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wako sawa tena! Nimeweka vipande vya kamba vya mbele ya wastani upande huu na vya nyuma upande ule. Swala, vya mbele vimemaliza vya nyuma. Hakuna kilichobaki. Mbuzimawe vilevile. Sifuri na sifuri."

Akina mama wakashangilia. Swala akachezesha mkia.

Nungunungu akacheka. Alicheka hasa, maji yakinguruma vile.

"Tumbili, aliyepungukiwa, akatua kabla ya kiwanja, yuko wapi?"

"Yuko majini."

"Aliyezidi, akakipita?"

"Yuko miibani."

"Mmoja majini, mmoja miibani. Ukiwajumlisha, wote wawili wako nyumbani?"

Tumbili akashusha mkono. Watoto wakaangua kicheko, na yeye pia, maana alikuwa mtoto mwema.

"Kukosa ni kukosa," akasema mwalimu, "mbele au nyuma. Usiviache vipande vifutane. Viunganishe vyote, kisha ukunje."

Wakaunganisha. Wakakunja. Mkunjo wa Mbuzimawe ulikuwa mfupi kama sikio la Pimbi. Mkunjo wa Swala ulimpita mwalimu mwenyewe kutoka pua hadi mkia. Kobe akaushika juu, ng'ambo wauone.

"Hiyo ni kamba tu!" akasema Swala. Hasira zimempanda. "Mimi naruka, sipimwi."

Akarudi nyuma, akaja mbio, huyooo! Akatua katikati ya kiwanja. Tu! Pazuri kabisa.

"Mnaona?" wakapiga kelele akina mama. "Mwalimu, mpe watoto!"

Pimbi akaachia mwili wa mwalimu, akapiga hatua moja. Nungunungu akamrudisha kwa mguu, polepole. Sauti yake haikupanda.

"Hongera, Swala. Rudi, uruke tena."

Swala akarudi. Akaruka tena, kwa nguvu ile ile, kwa maringo yale yale, huyooo! Akakipita kiwanja. Kachaa! Ndani ya migunga. "Yalaa! Yalaa! Nitoeni!"

Akina mama wakakimbia kumchomoa.

"Mbuzimawe," akasema Nungunungu, "mchukue huyu mdogo kwanza."

Pimbi akapanda, akafumba macho. Mbuzimawe akaruka. Tu! Kiwanjani. Akarudi, akamchukua Tumbili. Tu! Pale pale. Akamchukua Kobe, akaguna kwa uzito. Tu! Pale pale, au kama shubiri pembeni. Akaenda, akarudi, mpaka watoto wakaisha. Wa mwisho alikuwa mwalimu. Mbuzimawe akaitazama miiba iliyobaki, akainamisha mgongo.

"Shikilia, Mwalimu, ila usiniegemee sana."

Tu! Nyuma yao ukingo wote ukabomoka majini, uwanja, mistari, kamba na miiba.

Mama Pimbi alikuwa akimnusa mwanawe masikio, tumbo, miguu. Akamnusa tena tangu mwanzo. Kisha akainua macho.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia apande kwa Swala."

"Nilikusikia."

"Angepanda, angekuwa wapi sasa?"

"Labda majini," akasema Nungunungu. "Labda miibani. Labda hapa mikononi mwako. Ndiyo maana tunapima."

Basi, wadogo kwa wakubwa, shikeni hili. Mkiambiwa wastani, msiridhike. Ulizeni na mtawanyiko: vitu vimekaa mbali kiasi gani na hapo katikati? Na mnapopima, aliyezidi na aliyepungua msiwaache wafutane, maana wote wamekosa.

Hadithi yangu imetua hapo. Nami nimetua nayo.