Bunduki Kwenye Kigingi cha Mkuki

Hebu niambieni: kuajiriwa kufagia ofisi unaulizwa experience ya miaka mitano. Kupewa bunduki unaulizwa nini? Saizi ya shati!

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, wezi wa mifugo walikihangaisha kijiji cha Lomoru. Wanakijiji wakalia: tupeni bunduki tujilinde. Akaja afisa na sanduku la bunduki. Mafunzo yalikuwa ya wiki nzima, kwenye karatasi. Afisa akatoa hotuba, akapigwa picha, akala mbuzi. "Training ni formality tu, wazee. Kwani nyinyi si wanaume?" Akawasha gari.

Kijana mmoja, Ekiru, akabaki na bunduki. Na tuseme haki: wezi waliporudi, alifyatua hewani, wakatoroka. Akawa shujaa, kifua mbele.

Siku moja akamtembelea Mzee Lopeyok. Lomoru mgeni haingii na silaha. Huikabidhi kwa mwenye boma mlangoni, naye huitundika kigingini, ncha chini. Ekiru akakabidhi bunduki, risasi ndani. Lopeyok akaitundika kama mkuki, mdomo chini, kigingi kikaingia pale panapoingia kidole cha kufyatulia. Paa! Goti la Akai, jirani mjane aliyekuja kuomba moto, likavunjika.

Baraza likakata shauri: mwenye kosa atachunga mbuzi wa Akai na kumtekea maji mpaka atembee.

Ekiru akaruka: "Mimi nilifuata mila! Ningeingia nayo mngeniita mshenzi. Na bila bunduki hii, mngekuwa na mbuzi gani wa kuchunga?"

Lopeyok akacheka kwa uchungu: "Kijana, nimetundika mikuki kabla hujazaliwa, hakuna hata mmoja ulioruka. Wewe ulijua hii inauma. Mbona ulinyamaza?"

"Ningejuaje itafyatuka yenyewe? Nani alinionyesha?"

Wakampigia simu afisa. "Mliomba bunduki, tukawapa. Kuna mtu aliomba mafunzo?" Halafu, maskini, network ikapotea.

Akai akainua kichwa mkekani: "Mimi niliomba moto. Nyinyi endeleeni kuhutubu. Mbuzi wangu wamefungiwa tangu asubuhi, mnawasikia?"

Walisikika hadi barazani. Hakuna aliyeinuka.

Je, nani alistahili kushika fimbo ya mbuzi wale: aliyebeba asichokijua, aliyetundika asichokijua, au aliyegawa akijua? Jibuni, wasomi!

Nawe bwana afisa, network ikirudi, irudishe Lomoru ile wiki ya mafunzo uliyoila na mbuzi. Huwezi? Basi njoo. Mtungi wa Akai uko mlangoni, mtupu.