Shangazi Siwema Aenda Kule

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mna ugali mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na mwenye kusinzia asimwegemee mwenzake. Nikiimba, mniitikie, maana safari ya leo ni ndefu na mimi peke yangu siiwezi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana na kupelekeana salamu, aliishi Nungunungu mmoja bondeni, kwenye majani marefu. Jina lake Siwema. Alikuwa mfupi, mnene, na akitembea miiba yake ilipiga kelele: chakacha, chakacha, chakacha. Alikuwa na kaka mmoja tu duniani, Kombo. Na huyo Kombo alikuwa amehama na mkewe, wamekwenda nchi ya Mawe kutafuta mizizi, na tangu wahame Siwema hajawatia machoni.

Siku moja akaja Mbayuwayu. Vuuu, akatua juu ya mti mkavu.

"Shangazi Siwema, salamu zako. Kaka yako kapata mtoto wa kike. Anasema uje upesi, kitovu kimeanza kukauka."

"Salamu nimezipokea. Wanakaa wapi siku hizi?"

"Kule," akasema Mbayuwayu, akaelekeza kwa mdomo. "Kule tu, nyuma ya kilima."

Vuuu, kaenda zake. Hata maji hakunywa.

Sasa hapa nasimama kidogo, ndugu zangu. Sisi tunajua, ukimwuliza mtu njia, usisikilize neno tu, sikiliza na mkia wa neno. Akikwambia *pale*, nenda hivyo hivyo ulivyo. Akikwambia *paleee*, chukua maji. Lakini mtu akikwambia *kuleeeeee*, mpaka shingo imemsimama, funga chakula, aga watoto, funga na mlango. Basi Kombo alipomtuma yule ndege alisema hivi: "Mwambie dada yangu tuko kuleeeeee, nyuma ya kilima." Alilivuta neno mpaka pumzi zikamwishia. Ila mwenye mabawa ana habari gani na umbali? Kwake kote ni pale. Akalikata neno mkia, akalileta kipande.

Na Siwema akakiamini kile kipande. Akafunga kiazi kimoja kwenye jani, basi.

Mtauliza, haraka ya nini? Nitawaambia. Kwa nungunungu, mtoto hapewi jina na baba wala mama. Jina hutoka kinywani mwa shangazi, likaingia sikioni mwa mtoto, na halitumwi kwa ndege wala kwa upepo. Kitovu kikianguka, jina litolewe siku hiyo hiyo, la sivyo mtoto hulia mpaka sauti ikamkauka. Shangazi asipokuwepo, jirani hutoa. Na aliyekupa jina akikuita, sharti uende. Hata kama hutaki. Hata kama umelala.

Na kule nchi ya Mawe, Kombo alikuwa na jirani mmoja tu. Mnamjua. Fisi.

Siwema hakujua habari za Fisi, lakini jina alikuwa nalo. Alilibana chini ya ulimi, maana jina la mtoto halitajwi njiani. Akamwita jirani yake Kanga, wakaondoka asubuhi umande haujakauka. Chakacha, chakacha, Siwema mbele. Kanga nyuma, anasema tu.

Siwema akaimba, nanyi mwitikie:

Njia, njia, nipishe,
*mtoto hana jina.*
Miguu, miguu, twende,
*mtoto hana jina.*

Wakafika kwenye kilima. Wakapanda. Jua likawachoma migongo. Wakashuka upande wa pili. Wakatazama.

Nyuma ya kilima kulikuwa na kilima.

"Labda alisema hiki," akasema Siwema. Kile kiazi wakakila hapo hapo, wakapanda tena. Wakashuka tena. Wakatazama. Kilima.

Kanga akaketi chini, akajifuta vumbi kwa bawa. "Jirani, mimi na wewe tumekula chumvi nyingi pamoja. Nikuambie kweli, hii kule yako haina mwisho. Turudi tukachukue chakula, tuje tena."

"Kitovu hakinisubiri."

"Sasa na ukifia njiani, jina atalitoa nani?"

"Nikifia njiani, hilo litakuwa swali la wengine. Sasa hivi bado ninatembea."

Kanga akamtazama. Alimpenda, msidhani hakumpenda. Lakini upendo wa wengine hufika mpaka kwenye kilima cha pili tu, nao si kosa lao. Akarudi bondeni, na Siwema akabaki na njia yake.

Chakacha, chakacha. Jua likazama akiwa anatembea, jua likachomoza akiwa anatembea. Akala mizizi michungu ya njiani. Nyayo zikapasuka. Alivuka mto kwa kushika mizizi ya mti kwa meno, huku amekunja ulimi jina lisije likasombwa na maji. Mwitikie basi, msimwache peke yake:

Njia, njia, nipishe,
*mtoto hana jina.*
Miguu, miguu, twende,
*mtoto hana jina.*

Akiwa amechoka hajiwezi, akakutana na Fisi anatoka kutafuta mizoga. Fisi akampisha njia, akainamisha kichwa, adabu tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama unatoka mbali wewe. Miguu imekuvimba. Waenda kwa nani?"

Siwema, kwa uchovu, akamwambia yote. Kaka, mtoto, kitovu. Jina tu ndilo hakulitaja. Fisi akawa anatikisa kichwa kwa huruma.

"Kumbe ni kwa Kombo? Jirani yangu kabisa. Ni pale, mama."

"Pale wapi?"

"Pale. Ukipita hicho kichaka umefika. Lakini mama yangu, utaingiaje kwa wifi yako na vumbi lote hilo? Watasema shangazi kaja kama mwizi. Lala kidogo kivulini, ujipanguse, jioni uingie kwa heshima. Mimi nitatangulia niwaambie wakuchemshie maji."

Maneno matamu hayo. Yalimwingia Siwema mpaka magotini, magoti yakakunjika yenyewe. Akaketi. Fisi akaondoka taratibu, na alipofika nyuma ya kichaka akatoka mbio, vumbi tu.

Siwema akafumba jicho moja. Akafumba la pili.

"Hapo si mahali pa kulala," ikasema sauti juu yake.

Alikuwa Kinyonga, kwenye tawi. Mguu mmoja ameuinua, bado hajaamua auweke wapi.

"Napumzika. Naenda kwa Kombo, ni pale tu, nyuma ya kichaka."

"Nani kakuambia pale?"

"Fisi."

Kinyonga akazungusha jicho moja likatazama njia, jingine likabaki kwa Siwema. Akafungua kinywa. "Kwa Kombo? Kwa Kombo ni kuleeeeeeeee." Na alilivuta, jamani. Nzi alitua kwenye mdomo wake, akaondoka, akarudi, Kinyonga bado yuko kwenye *leee*.

Siwema akakasirika. Akasema, "Wewe miguu yako hiyo, hata tawi la pili kwako ni kule."

"Ni kweli," akasema Kinyonga.

Hapo Siwema akafikiri. Mbayuwayu alisema kule, akakata neno kwa sababu ana mabawa. Kinyonga amelivuta kwa sababu ya miguu yake. Kila mmoja kapima njia kwa mwendo wake, na hakuna aliyedanganya. Lakini Fisi? Fisi ana miguu kama mimi, tena mirefu kuliko yangu. Kama ni pale, kwa nini aniambie nilale? Na kama anakwenda kuwaambia wachemshe maji, mbona aliondoka kama mtu asiye na haraka?

Shangazi asipokuwepo, jirani hutoa jina. Akaelewa. Akaogopa kweli kweli, maana alimwona yule mtoto asiyemjua akiitwa gizani na sauti ya Fisi, naye anatoka shimoni kwa miguu yake mwenyewe.

Akaondoka.

Nyuma ya kichaka hapakuwa na Kombo. Palikuwa na jangwa la mawe. Akaingia. Alikutana na Digidigi, hakumwuliza njia. Alikutana na Pelele juu ya jiwe, hakumwuliza. Ya nini? Wakisema pale atatembea, wakisema kuleee atatembea. Akafuata nyayo za Fisi zilizokuwa mchangani kati ya mawe, na miguu iliposema basi, akaiambia, "Semeni tu, lakini mseme mkiwa mnatembea." Chakacha. Chakacha. Chakacha.

Kulipokucha, kule kwa Kombo, kitovu kilikuwa kimeanguka.

Kombo na mkewe walikuwa mlangoni pa shimo lao, mtoto mikononi. Mtoto analia, sauti imeanza kupasuka. Fisi amekaa mbele yao, amejilamba manyoya, anang'aa. Shimoni hawezi kuingia, ni jembamba, tena ndani kuna miiba ya wazazi. Ila akishalitoa jina, kuingia kwa nini? Ataita tu.

"Tungoje kidogo tena," akasema Kombo. "Dada yangu namjua. Atakuja."

"Dada yako nilimkuta njiani," akasema Fisi. "Amelala kivulini. Aliniambia amechoka, safari hii haimhusu sana."

Kombo akainamisha kichwa. Mkewe akalia. Mtoto akakohoa, sauti ikakatika, ikarudi nyembamba kama uzi.

"Mnamsikia?" akasema Fisi. "Mimi ni jirani tu, nataka kusaidia. Nimefikiria jina zuri. Nitamwita Wangu."

Kwa desturi yao, mtoa jina husukutua kwanza. Mama mtoto akamletea maji. Fisi akasukutua, kwakwakwa, akatema, puu. Mama akamsogeza mtoto. Fisi akainama, mdomo ukakaribia lile sikio dogo.

Chakacha.

Siwema hakupiga hodi. Maisha yake yote hakuwahi kuingia kwa watu bila hodi, lakini siku ile aliingia, tena kinyumenyume, miiba imesimama yote. Pwaa. Miiba ikamwingia Fisi puani, mdomoni, shavuni. Fisi akapiga yowe, akaruka, akaanguka kwenye mawe, akakimbia huku pua anaifuta kwa mguu.

"Wifi," akasema mama mtoto, machozi bado yanamtoka, "mbona hata hodi hukupiga?"

"Hodi nimeipiga tangu bondeni," akasema Siwema. "Nipe mtoto."

Kombo akakimbilia maji. Siwema akasukutua, maana kinywa kilikuwa kimekauka, ulimi umegandamana na lile jina. Akamchukua mtoto, akamwangalia. Akalia kidogo, hakujificha. Kisha akaweka mdomo sikioni, akalitoa. Lilikuwa jina la mama yao yeye na Kombo, aliyewalea wote wawili kwenye majani marefu.

Mtoto akanyamaza.

Siku ile walikula, wakapeana habari za bondeni, wakacheka habari za Kanga na vilima vyake. Wifi alimkanda miguu kwa maji ya moto. Jua lilipoanza kuzama, wakamsikia Fisi huko nje, sauti ya puani kwa ajili ya miiba.

"Wangu. Wangu, njoo."

Mtoto ananyonya.

"Mnono. Mnono, njoo kwa babu."

Mtoto ananyonya.

"Tamu. Kipenzi. Kitoweo. Njoo, wewe."

Akaita majina yote anayoyajua Fisi, na mengi yalikuwa ya vyakula. Mtoto ananyonya tu, hata sikio halikutikisika. Ndipo Siwema, amelala pembeni na miguu yake iliyovimba, akasema taratibu, kwa sauti ambayo hata mlangoni haikufika:

"Mboni."

Mtoto akaachia ziwa, akageuza kichwa.

Basi watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Neno fupi halifupishi njia. Si kila anayekwambia *pale* anakutakia ufike, na si kila anayekwambia *kuleee* anakukatisha tamaa. Uliza njia, kuuliza si ujinga, lakini ndugu yako akikungoja, usiketi juu ya maneno matamu. Inuka uende mpaka umwone kwa macho yako.

Na hadithi yangu imeishia. Wapi? Si pale, wala si kuleeeee. Hapo.